Kunusa, Kutaja na Kujua

Swali la kama kukitambua kitu ni sawa na kukijua ni kongwe katika falsafa, lakini ni nadra kulipatia mahali linapoweza kuulizwa kwa mifano ya kushikika kama mjini Morogoro, chini ya miteremko ya milima ya Uluguru, ambako katika eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, maarufu kwa jina la SUA, panya buku hufunzwa kunusa makohozi ya binadamu na kuonyesha yale yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya hao hawajui bakteria ni nini, wala hawana habari na mgonjwa. Hata hivyo huonyesha kwa usahihi unaotosha kuwafanya wataalamu warudie kupima sampuli ambazo zahanati ilikwisha kuziandika kuwa safi. Upande wa pili wa swali wamesimama wanakemia wenye mashine zinazoweza kuitenganisha harufu ileile katika molekuli zake, moja baada ya nyingine, na kuipa kila moja jina, tungamo na kiasi. Panya anatambua bila kutaja, na mashine inataja bila kutambua, na anayetaka kujua ni yupi kati yao anayestahili kuitwa mjuzi atagundua kwamba neno lenyewe "kujua" limebeba mambo mengi kuliko lilivyodhaniwa.

Mbinu za wanakemia hao ni za ukoo wa sayansi unaoitwa omiki. Jina hilo limechukuliwa kutoka mwishoni mwa maneno kama genomiki, yaani uchunguzi wa jeni zote za kiumbe kwa pamoja, na proteomiki, uchunguzi wa protini zake zote, na sifa inayoyaunganisha imo katika hilo neno "zote": mtafiti hachagui dutu moja na kuuliza kama ipo au haipo, anakusanya kila kinachopimika katika tone la damu, mkojo, jani au pumzi, kisha anauliza namna mchoro mzima wa mgonjwa unavyotofautiana na wa asiyeumwa. Kati ya hizo, metabolomiki ndiyo inayohusika zaidi hapa, kwa kuwa inachunguza molekuli ndogondogo ambazo kiumbe huzitengeneza, huzitumia na kuzitupa anapoishi, kama vile sukari, asidi, mafuta na vitamini. Jumla ya molekuli hizo ilipewa jina la metabolomu mwaka 1998, na sehemu yake inayoruka hewani kwa urahisi ndiyo inayogusa harufu. Kinachohesabiwa katika kazi hii huitwa spishi ya kikemia, istilahi inayomaanisha atomu, ioni au molekuli yenye umbo lake na muungano wake mahususi, na umuhimu wa istilahi hiyo huonekana pale elementi moja inapobadilika tabia kwa kubadili hali: kromiamu yenye chaji tatu haina madhara makubwa kwa mwili, ilhali kromiamu yenye chaji sita husababisha saratani, ingawa anayepima jumla ya kromiamu peke yake atazihesabu zote mbili kuwa kitu kimoja. Hapo tayari kemia imeingia katika falsafa bila kubisha hodi, kwa sababu imekiri kwamba kujua kitu kimetengenezwa kwa nini hakutoshi mpaka ijulikane kimefungamana na nini.

Wazo la kuutafuta ugonjwa kwa pua lina umri mrefu. Maandishi ya shule ya Hippocrates wa Ugiriki ya kale yanataja makohozi ya mgonjwa wa kifua yakimwagwa juu ya makaa, harufu nzito ikihesabiwa kuwa miongoni mwa dalili mbaya. Baada ya Robert Koch kutangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekiona kimelea cha kifua kikuu, pua ilistaafishwa na jicho likashika nafasi yake, nalo limefanya kazi kubwa, lakini lina mpaka unaojulikana: ili hadubini ya kawaida imwone bakteria huyo, makohozi yanapaswa kuwa na bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita, na mgonjwa mwenye pungufu ya hapo huambiwa hana kitu. Kumwotesha bakteria huyo maabara huchukua majuma mengi, kwa kuwa hujigawa mara moja tu katika muda wa saa 15 hadi 20, na mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mwezi Desemba 2010, husoma jeni zake kwa takriban saa mbili, ila kwa gharama ambayo si kila zahanati inaimudu. Nchini Tanzania, iliyo kwenye orodha ya shirika hilo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, pengo hilo kati ya anayeumwa na anayeonekana kuumwa si la kinadharia.

Bakteria huyo ana tabia ya kikemia inayomtofautisha na jamaa zake wengi: hulimbikiza na kutoa niasini, ambayo ni vitamini B3, na kwa miaka mingi maabara zilitumia kipimo cha niasini kumtambulisha. Mwaka 2008 watafiti wa New Zealand walieleza kwamba katika molekuli zinazoruka kutoka kwenye bakteria waliooteshwa maabara walikuta methaili nikotineti, ambayo ni niasini iliyoongezewa kikundi kidogo cha kaboni moja na haidrojeni tatu, pamoja na molekuli nyingine chache za namna hiyo. Na mwaka 2012 watafiti wa SUA na wa shirika la APOPO, linalowafunza panya hao, walichapisha pamoja na wenzao wa Ulaya uchunguzi wa molekuli zirukazo za bakteria huyo zikilinganishwa na za vijidudu vingine, vikiwemo vinavyoishi katika njia ya hewa ya binadamu. Jambo la kushangaza katika kemia hii ni udogo wa tofauti. Vitamini inayomlinda mtu na ugonjwa wa pelagra, ikiongezewa kikundi cha atomu nne, huruka hewani na kuwa tetesi ya ugonjwa mwingine kabisa.

Msemaji wa Kiswahili ana njia ya kulielewa hilo bila maabara, kwa sababu lugha yake hufanya kazi hiyohiyo katika mzizi wa neno. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Ikiongezwa irabu moja, kunukia ni kutoa harufu nzuri. Na konsonanti ikigeuzwa, kunusa ni kuitafuta harufu hiyo kwa pua. Mzizi ni mmoja, na maana inageuka kwa sauti moja tu. Zaidi ya hapo, Mswahili husema anasikia harufu, kama anavyosikia sauti, njaa, baridi na maumivu, na usemi huo unabeba fundisho ambalo wanafalsafa wa Ulaya walilifikia kwa mzunguko mrefu: harufu humfikia mtu kama habari, na habari huhitaji msikilizaji. John Locke, katika karne ya 17, alitenganisha sifa ambazo kitu kinazo chenyewe, kama umbo na ukubwa, na zile ambazo ni uwezo wake tu wa kuzusha hisia kwa anayekikabili, kama rangi na harufu. Kemia ya leo inampa Locke mfano mzuri kupita aliokuwa nao mwenyewe, nao ni indoli, molekuli iliyomo katika kinyesi na pia katika ua la asumini, ambayo ikiwa nyingi hunuka na ikiwa kidogo sana hunukia. Mashine itaandika jina moja kwa zote mbili, na haitakuwa imekosea. Lakini anayevaa asumini kichwani na anayepita penye jaa hawajakutana na kitu kimoja.

Inafaa kuitazama mashine yenyewe, kwa kuwa namna inavyojua ni sehemu ya swali. Kwanza huja kromatografia, ufundi uliobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, aliyepitisha rangi za majani katika mrija wa chokaa na kuona kila rangi ikitulia mahali pake; leo mchanganyiko hupitishwa kwa gesi katika mrija mwembamba na mrefu, na molekuli hutoka upande wa pili kwa zamu, nyepesi mbele na nzito nyuma kwa kawaida. Kisha hufuata spektromita ya tungamo, ambayo huipiga kila molekuli kwa elektroni hadi ivunjike, ikavipanga vipande kwa uzito na chaji, na kuulinganisha mchoro wa vipande hivyo na michoro iliyohifadhiwa katika maktaba ya kompyuta. Jina hupatikana kwa kuvunja. Mtu aliyetaka kumjua jirani yake kwa njia hiyo angeitwa kichaa, ila katika molekuli njia hiyo inafaa sana, na ni vema kukubali kwamba inafaa. Matokeo huchorwa kama mfululizo wa vilele, na anayeutazama mchoro huo huku dirishani Lupanga ukionekana, wenye zaidi ya mita 2,100, na nyuma yake safu inayopanda hadi Kimhandu uliopita mita 2,600, huenda akaona kejeli ndogo: milima yote ya Uluguru ina majina, lakini katika mchoro wa metabolomiki isiyochagua sehemu kubwa ya vilele hubaki bila jina lolote, kwa sababu maktaba haijawahi kukutana na molekuli hizo. Sayansi inayosifiwa kwa kutaja vyote hutaja vichache na kuvihesabu vilivyobaki.

Panya buku hana maktaba. Ni mnyama wa usiku, mwenye uzito wa kilo moja na zaidi, mwenye macho hafifu na mifuko mashavuni ambamo hubeba karanga na mahindi hadi shimoni, na kwa mkulima wa Uluguru amejulikana kwanza kama mwizi, pengine na kitoweo, kabla hajawa shujaa wa magazeti. APOPO lilianza Ubelgiji mwaka 1997 kwa fikra ya Bart Weetjens ya kumtumia panya kutafuta mabomu ya ardhini, likahamishia kazi yake SUA mwaka 2000, na tangu mwaka 2007 limewatumia panya pia katika kifua kikuu, likipokea makohozi kutoka zahanati za Morogoro na Dar es Salaam. Panya hufunzwa tangu akiwa mdogo: kwanza huzoeshwa watu, kisha hufundishwa kwamba mlio fulani mfupi humaanisha chakula, kisha kwamba mlio huo huja akikaza pua kwa sekunde chache juu ya tundu lenye sampuli sahihi. Makohozi yenyewe hupashwa joto kabla, ili bakteria wafe na wasimdhuru mfunzaji, kwa hiyo anachokinusa panya ni kilichobaki baada ya bakteria kuuawa. Kwa takriban dakika 20 panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100, kazi ambayo kwa mtaalamu wa hadubini ni ya siku kadhaa, na APOPO limeeleza kwamba kazi ya panya imeongeza idadi ya wagonjwa wanaogunduliwa katika zahanati linazoshirikiana nazo kwa karibu asilimia 40.

Katika mafunzo hayo kuna fumbo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Panya hutuzwa anaposimama juu ya sampuli ambayo tayari inajulikana kuwa na ugonjwa, na inayojulikana ni ile ambayo hadubini imeithibitisha. Hivyo mwalimu wake ni hadubini, na kila alichojifunza amekijifunza kutokana na hukumu zake. Hata hivyo, panya aliyekwisha kufunzwa husimama juu ya sampuli ambazo hadubini ya zahanati ilizikosa, na zikirudiwa kwa uangalifu zaidi kadhaa huonekana kweli kuwa na bakteria. Mwanafunzi amempita mwalimu kwa kutumia mifano ya mwalimu peke yake. Wanaoamini kwamba maarifa ni kunakili kilichofundishwa hawana maelezo ya jambo hili. Maelezo yanayokubalika ni kwamba panya hakujifunza hukumu za hadubini, alijifunza kitu kilichokuwa nyuma ya hukumu hizo, yaani mpangilio wa harufu ambao hadubini yenyewe haikuwahi kuufikia, na akaendelea kuufuata hata pale ambapo mwalimu alikuwa kipofu.

Namna pua inavyoweza kufanya hivyo ilianza kufahamika mwaka 1991, pale Linda Buck na Richard Axel, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walipoonyesha kwamba wanyama wana kundi kubwa la jeni za vipokezi vya harufu. Binadamu ana takriban 400 zinazofanya kazi, na panya wa maabara ana zaidi ya 1,000. Kipokezi kimoja huitikia molekuli nyingi, na molekuli moja huamsha vipokezi vingi, kwa hiyo kinachofika ubongoni ni mchoro wa vilivyoitika na vilivyonyamaza, kama kauli ya ngoma inavyotokana na mapigo na vituo kwa pamoja. Kwa maana hiyo pua ilikuwa ikifanya omiki kabla neno halijazaliwa. Tofauti ni kwamba pua haiwezi kutoa hesabu ya ilichokifanya, na hapa ndipo jina la Michael Polanyi linapoingia kwa haki. Polanyi, aliyezaliwa Budapest mwaka 1891, alikuwa mwanakemia wa kimwili mwenye sifa kubwa huko Berlin na Manchester kabla hajageukia falsafa, na katika vitabu vyake vya mwaka 1958 na 1966 alidai kwamba chini ya kila elimu inayoweza kuandikwa kuna maarifa ya kimya, yale yanayomwezesha mtu kuutambua uso wa ndugu yake katika umati bila kuweza kueleza ameutambuaje. Ni muhimu kwamba hoja hiyo ilitoka kwa mtu wa maabara. Alikuwa ameona kwamba hata mpimaji wa mashine husoma sindano na mistari kwa jicho lililozoezwa, na kwamba mazoea hayo hayamo katika kitabu cha maelekezo.

Fikra za Kiislamu, ambazo Kiswahili kimezirithi ndani ya msamiati wake wenyewe, zilikuwa na majina ya tofauti hii karne nyingi kabla. Maneno elimu na maarifa, ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya, kwa asili yake ya Kiarabu yana mizizi miwili: la kwanza huelekea kwenye kujua jambo lilivyo, la pili kwenye kulitambua kwa kukutana nalo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu alichosimulia humo safari yake ya kutoka kwenye shaka, alieleza kwamba tabibu aliye mgonjwa anaijua afya kwa fasili, sababu na dawa zake, ilhali afya yenyewe hana; na kwa ujuzi wa namna nyingine, ule wa aliyeonja, alitumia neno linalotokana na ladha. Mfano huo unaibana mashine kwa nguvu, kwa kuwa orodha ya molekuli ni fasili isiyo na ladha, lakini haumpi panya ushindi anaodhaniwa kuupata, maana kuonja alikokusudia al-Ghazali ni kwa nafsi inayojua kwamba inaonja, inayoweza kubadilishwa na ilichokionja. Panya habadiliki kwa kifua kikuu anachokinusa. Anabadilika kwa ndizi anayotuzwa.

Kwa upande mwingine, dini zote mbili zenye waumini wengi Morogoro zimeyapa majina heshima ambayo sifa za maarifa ya kimya zisiifute. Katika Kitabu cha Mwanzo wanyama huletwa mbele ya Adamu ili awape majina, na katika Kurani Adamu hufundishwa majina yote, malaika wakashindwa kuyataja. Wafasiri wametofautiana kuhusu maana ya majina hayo, lakini jambo moja liko wazi vya kutosha: jina humwezesha mmoja kumpa mwingine alichokijua, hata asiyekuwepo, hata asiyezaliwa. Methaili nikotineti iliyotajwa Christchurch, New Zealand, inaweza kutafutwa Morogoro na mtu ambaye hajawahi kumwona aliyeitaja, ikahojiwa, ikakanushwa, ikathibitishwa. Utambuzi wa panya hufa naye. Magawa, panya aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, aliyefanya kazi Kambodia na kupewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyagundua, alipofariki Januari 2022 hakuacha ukurasa hata mmoja. Kila mrithi wake alilazimika kuanza tena na mlio na chakula.

Majina nayo yana madaraka yake, na milima ya Uluguru ina kumbukumbu chungu juu ya hilo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na wataalamu wake walikuwa na vipimo vya mteremko, mvua na udongo uliopotea, vyote kwa takwimu. Walichokosa ni utambuzi wa mkulima kwamba juu ya mteremko mkali udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kwamba kuukata ili kupata ngazi ni kuuzika na kulima juu ya udongo usiozaa. Ghasia za mwaka 1955 ziliuzika mpango wenyewe. Haitakuwa haki kusema kwamba vipimo vilikuwa vya uongo, kwa kuwa mmomonyoko ulikuwa wa kweli na bado upo. Kilichotokea ni kwamba waliokuwa na majina walidhani asiyeyataja hana anachokijua. Hatari hiyohiyo inanyemelea leo katika mimea ya dawa, kwani mkusanya dawa wa milimani anayekwangua gome, akalinusa na kuamua kama ndilo au silo, hana cha kuwasilisha kwenye ofisi ya hataza, ilhali anayelipitisha gome hilo katika spektromita hupata orodha, na orodha humilikiwa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki ilikubali, kwa lugha ya kisheria, kwamba utambuzi wa kwanza una haki yake. Namna ya kuupima utambuzi ambao haukuandikwa ni jambo ambalo sheria haiwezi kulimaliza peke yake.

Kabla ya kumkabidhi yeyote cheo cha mjuzi, ni lazima pia kuuliza namna kila mmoja anavyodanganyika, kwa sababu aina ya kosa hufichua aina ya maarifa. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin, farasi aliyeitwa Hans alisifiwa kwa kufanya hesabu kwa kugonga kwato, hadi Oskar Pfungst alipoonyesha mwaka 1907 kwamba farasi huyo aliacha kugonga pale alipoona mwili wa muulizaji ukilegea bila mwenyewe kujua. Panya naye anaweza kujifunza harufu ya chombo, ya zahanati fulani au ya mkono wa aliyepanga sampuli, na ndiyo maana majaribio makini huwaficha watu jibu ili wasilivujishe. Mashine ina udhaifu unaofanana na huo katika vazi la takwimu: anayepima maelfu ya molekuli katika watu wachache hatakosa chache zinazowatenganisha wagonjwa na wazima kwa bahati tu, au kwa kuwa wagonjwa wamekwisha kumeza dawa, wanavuta sigara au wamekula chakula tofauti, na kompyuta itaupamba mpangilio huo kana kwamba ni ugonjwa. Kwa hukumu ya makala haya udhaifu wa mashine ni wa hatari zaidi, kwa sababu una majina, na kosa lililopewa jina la Kilatini na desimali tatu hupewa kiti mbele.

Dawa ya udhaifu wa pande zote mbili imepatikana Morogoro katika utaratibu wa kawaida wa kazi, na inafanana ajabu na kanuni ya ushahidi. Torati haimhukumu mtu kwa kinywa cha shahidi mmoja, na fikihi huweka idadi na sifa za mashahidi kulingana na uzito wa shauri. Vivyo hivyo sampuli haipitishwi kwa panya mmoja, hupitishwa kwa kadhaa, na hata wakikubaliana wote neno lao halitoshi kumwanzishia mtu dawa. Sampuli hurudi kwenye kipimo kinachotambuliwa, ili kile kilichonuswa kionekane. Hapo panya si mjuzi wala chombo tu, ni shahidi asiyeweza kuhojiwa, na mashine ni shahidi anayejibu kila swali isipokuwa lile la kama shauri lipo. Ujuzi unaobaki, ule unaoweza kuitwa kwa jina hilo bila kuona haya, uko katika baraza linalowasikiliza wote wawili na kukubali kulaumiwa kwa uamuzi wake: mtu anayesaini, ambaye kesho anaweza kuulizwa kwa nini. Swali la "kwa nini" halimpati panya na haliigusi spektromita. Anayelikimbia kwa kisingizio kwamba mashine imesema, au kwamba panya wamesimama, amejishusha kwa hiari yake hadi chini ya wote wawili.

Kuna hatua moja zaidi ambayo maandiko ya kisayansi huipita haraka, pengine kwa kuwa haina kifaa. Kikopo cha makohozi hufika maabara kikiwa na namba. Panya hukaza pua juu ya namba, hadubini huthibitisha namba, na wakati huo mwenye makohozi amekwisha kuambiwa na zahanati kwamba hana ugonjwa, amerudi nyumbani, huenda anakohoa juu ya mtoto. Namba hiyo lazima irudishwe kuwa jina, na jina kuwa mtu, na kazi hiyo hufanywa kwa miguu, mara nyingi na watu wa kujitolea, baadhi yao waliowahi kuugua ugonjwa huohuo na kupona. Katika vijiji vya Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, jina lililoandikwa kwenye kadi huenda lisimfikishe mtafutaji mlangoni mpaka akae kidogo, asalimie, na aeleze anayemtafuta ni mtoto wa nani.